Kivimbe Kisichouma: Wito kwa Kila Nyumba

Mama yangu mdogo alikigusa kivimbe chake akiwa bafuni, kwenye bafu la makuti uani kwake, Kilosa, ndoo ya maji miguuni na kipande cha sabuni mkononi. Kilikuwa upande wa juu wa titi la kushoto, karibu na kwapa, kigumu kama punje ya hindi kavu. Alikibonyeza. Hakikuuma. Akajimwagia maji, akafunga kanga yake, akaenda kubandika maji ya ugali.

Tangu jioni ile hadi alipomweleza mtu, ilipita miezi kumi na mmoja. Mwanzoni aliamini ni maziwa yaliyoganda, ingawa kitindamimba wake alikuwa darasa la saba. Kisha jirani akampa dawa ya kupaka. Kisha kikaja kipindi cha mavuno, na baada ya mavuno mtoto akafaulu kwenda sekondari, na fedha ambayo ingekuwa nauli ya hospitali ikawa sare na madaftari. Alipomweleza mama yangu, kivimbe kilikuwa cha ukubwa wa ndimu na ngozi iliyokifunika imeanza kuvutika kwa ndani. Katika zahanati ya kwanza alipewa vidonge vya maumivu, yeye ambaye hakuwa na maumivu, akaambiwa arudi vikiisha. Alipofika Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mapafu. Tulimzika mwaka uliofuata, kiangazi.

Msibani nilisikia watu wakiulizana kwa sauti ya chini: kwa nini alikaa kimya? Nami niliuliza hivyo, na moyoni nilimlaumu. Baadaye sana ndipo nilipoanza kuwahesabu waliokuwa karibu naye katika miezi ile: mume, mama mkwe, majirani, wenzake wa kikoba, mhudumu wa zahanati, mchungaji, na sisi wa mjini tuliompigia simu kila Jumapili tukamwuliza habari za mvua na mahindi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwuliza habari za mwili wake. Ukimya ule tuliujenga naye. Ndiyo maana wito huu nauelekeza kwa kila nyumba, kwa wanaume na wanawake, kwa vijana na wazee. Mwanamke anayekwenda kupima matiti huwa amevuka vizingiti vingi, na vingi kati ya hivyo tumeviweka sisi. Sisi tulioviweka ndio tunaoweza kuviondoa.

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu. Mwaka 2022 pekee, wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hapa Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Takwimu inayoniuma kuliko zote ni kwamba karibu wagonjwa wanane kati ya kila kumi nchini mwetu hugundulika ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne, yaani umekwisha kushika tezi za kwapani na ngozi, au umehamia mbali kwenye mapafu, ini na mifupa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya wanawake tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baada ya kugundulika. India ni karibu wawili kati ya watatu. Afrika Kusini ni wanne kati ya kumi. Ugonjwa ni uleule. Kinachotofautiana ni siku unayogunduliwa, na kama tiba inamfikia mgonjwa kwa wakati.

Kwa nini basi tunachelewa? Nianze na kile kilichomdanganya mama mdogo, yaani kutoumwa. Tangu kwa bibi zetu tumefundishwa kwamba ugonjwa wa titi ni maumivu. Mama anayenyonyesha akipata jipu, titi huwa jekundu, huwaka moto, homa humpanda, na nyumba nzima hujua. Saratani mara nyingi haiji hivyo. Huanzia kwenye vijifereji vinavyopitisha maziwa au kwenye vifuko vinavyoyatengeneza, na hukua polepole bila kumsumbua mwenye titi. Mwanamke hulima, hupika, hubeba maji, hulala usingizi, kivimbe kikiwa pale pale. Kwa hiyo kanuni tuliyorithi inatupoteza, na lazima tuibadilishe kwa sauti, jikoni na kibarazani: kivimbe kisichouma ni cha kuwahi hospitali.

Dalili nyingine ni rahisi kuzitambua mtu akishaambiwa. Titi moja kubadilika umbo au ukubwa ghafla. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani. Chuchu kutoa damu au majimaji wakati hunyonyeshi. Ngozi kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, au kubonyea. Kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona. Uvimbe wa kwapani. Lakini pia ijulikane kwamba vivimbe vingi vya matiti si saratani. Wanawake wengi wanaokwenda kupimwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo na habari njema, na wengine hupewa matibabu madogo yakaisha. Anayeogopa asisahau hilo.

Jingine linalotupoteza ni kudhani kwamba ugonjwa huu una wenyewe. Utasikia mtu akisema: kwetu hakuna historia hiyo. Ni kweli kwamba mwenye mama au dada aliyeugua ana hatari kubwa zaidi, naye anapaswa kumweleza daktari mapema. Hata hivyo, karibu nusu ya saratani zote za matiti huwapata wanawake wasio na sababu nyingine inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Na Afrika kusini mwa Sahara sehemu kubwa ya wagonjwa wako chini ya miaka 50, wakiwa bado wanasomesha watoto. Hata wanaume huugua, ingawa ni wachache sana, chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia moja. Kwa hiyo asiwepo anayesema halimhusu.

Sasa nieleze kupimwa kwenyewe kulivyo, kwa sababu kinachoogopwa zaidi ni kile kisichojulikana. Nilikwenda mwenyewe siku ya Jumanne asubuhi, kituo cha afya cha kata yetu, kliniki ileile wanakopima saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi alivuta pazia la kitenge, akaniuliza umri wangu, siku zangu za mwisho, na kama kuna ndugu aliyewahi kuugua. Nikamtaja mama mdogo. Akaandika. Nilikaa mikono kiunoni, kisha nikainyanyua juu ya kichwa, naye akatazama tu, akilinganisha titi moja na jingine. Halafu nikalala chali, mkono mmoja chini ya kichwa. Akapita kwa vidole vitatu vya katikati, miduara midogo midogo, kuanzia chini ya mfupa wa mtulinga hadi chini ya mstari wa sidiria, kuanzia katikati ya kifua hadi kwapani. Mikono yake ilikuwa ya baridi na aliniomba radhi kwa hilo. Dakika kumi hazikufika. Nilipokuwa nafunga vifungo vya blauzi nilijikuta nalia, kwa sababu dakika hizo ndizo mama mdogo alizikosa.

Huko ndiko kupimwa kwa mikono. Mtoa huduma akihisi kitu, hatua inayofuata ni picha: altrasaundi, ambayo huwafaa zaidi wanawake vijana kwa kuwa matiti yao yana tishu nzito, au mammografia, ambayo Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69 kila baada ya miaka miwili pale penye vifaa na wataalamu wa kutosha. Picha ikitia shaka, huchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachopelekwa maabara. Hapo ndipo jibu la uhakika linapopatikana.

Na hapo ndipo wengi wanapokimbia, kwa neno moja linalozunguka mitaani: kivimbe kikiguswa na chuma, saratani husambaa. Nimelisikia saluni, kwenye daladala na kwenye vikao vya harusi. Neno hilo limetuzikia watu. Lilipotoka panaeleweka: mgonjwa aliyechelewa huchukuliwa kinyama akiwa tayari katika hatua ya nne, na akifariki miezi michache baadaye, watu hukumbuka sindano na kusahau mwaka mzima uliotangulia. Kinyama hakisambazi saratani. Kuchelewa ndiko kunakoisambaza.

Labda utauliza: je, si inatosha kujipapasa mwenyewe nyumbani? Mjini Shanghai, China, watafiti waliwafuatilia zaidi ya wanawake 260,000 wa viwanda vya nguo kuanzia mwaka 1989. Nusu yao walifundishwa kujichunguza matiti na kukumbushwa mara kwa mara. Baada ya miaka kama kumi, vifo vya saratani ya matiti vilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Kwa hiyo kujipapasa peke yake hakutoshi. Mwanamke anapaswa kulijua titi lake jinsi lilivyo siku zote, ili libadilikapo ashtuke, na akishtuka awe na pa kwenda siku hiyohiyo. Kule Mumbai, India, utafiti ulioanza 1998 uliwahusisha zaidi ya wanawake 150,000 wa umri wa miaka 35 hadi 64. Wanawake wenzao waliofunzwa kazi hiyo, wasiokuwa madaktari, waliwapima kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Ugonjwa uligunduliwa ukiwa bado katika hatua za mwanzo zaidi, na kwa waliofikisha miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa takriban asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo upungufu wa vifo haukuonekana wazi. Bado funzo kwetu ni kubwa: nchi isiyo na mashine ya mammografia kila wilaya ina mikono, na mikono iliyofunzwa huokoa maisha.

Kwa hiyo huduma inawezekana. Kinachobaki ni vizingiti, na sasa nawageukia wanaoweza kuviondoa, mmoja mmoja.

Baba mwenye nyumba, naanza na wewe. Katika nyumba zetu nyingi nauli hutoka mfukoni mwako, na safari ya mke hupata baraka zako kwanza. Mwanamke anayepiga hesabu ya bodaboda hadi barabarani, basi hadi mjini, chakula cha njiani na pengine kulala kwa ndugu, huiweka safari hiyo chini ya ada, chini ya mbolea, chini ya mchango wa msiba. Hakuulizi kwa sababu anajua hali. Basi usingoje aulize. Mwambie: Jumatatu nenda ukapimwe, nauli hii hapa, mimi nitabaki na watoto. Ipo pia hofu nyingine asiyoitamka: kwamba akikatwa titi utamwacha. Wako wanawake walioukimbia upasuaji kwa sababu hiyo, wakachagua kufa wakiwa wamekamilika kuliko kuishi wakiwa peke yao. Mwondolee hofu hiyo kabla haijaja, kwa kinywa chako, mwambie kwamba ulimwoa yeye. Na ujue kwamba uvimbe ukiwahiwa ukiwa mdogo, mara nyingi huweza kuondolewa wenyewe, titi likabaki.

Mama mkwe, shangazi, bibi: ninyi ndio mliotufunda. Mlitufundisha usafi, mlitufundisha kunyonyesha, mlitufundisha stara. Tunawaomba muongeze somo moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kila mama aliyejifungua anaujua ukweli wa maneno hayo, kwamba mbele ya mkunga haya huwekwa kando ili uhai upatikane. Titi nalo liingie katika hukumu hiyo. Stara ni nzuri, na inaweza kulindwa: mwanamke ana haki ya kuomba apimwe na mhudumu wa kike, ya kuvutiwa pazia, ya kufuatana na dada au mumewe chumbani. Asichopaswa kukubali ni stara imfikishe kaburini. Neno la mkubwa wa ukoo lina nguvu kuliko bango la barabarani. Lisemeni.

Mchungaji, padri, shehe: waumini wenu wa kike huwajia na mambo wasiyomwambia mtu mwingine yeyote. Wengine huamini wametupiwa, kwamba kivimbe ni kazi ya mke mwenza au jirani mwenye kijicho. Ombeni nao, wasomeeni dua, kisha wapeni siku ya kwenda hospitali. Msimwache mtu aache dawa kwa sababu ya sala. Mkitenga dakika tano baada ya ibada, au baada ya swala ya Ijumaa, kuwaambia waumini wa kiume na wa kike kwamba kuupima mwili ni kuitunza amana ya Mungu, mtakuwa mmefika pale ambapo sauti ya daktari haifiki. Na ninyi waganga wa tiba asili mnaoaminiwa na wengi, akija mama mwenye uvimbe wa titi, mwelekezeni hospitali kwanza. Heshima yenu haitapungua.

Ndugu muuguzi, ndugu tabibu wa zahanati, wewe ndiye mlango wenyewe. Tafiti za Afrika na za kwingineko zinarudia jambo moja: mwanamke aliyeambiwa na mtoa huduma akapime, huenda kupima zaidi kuliko yule aliyeliona tangazo tu. Neno lako moja, mama analoambiwa akiwa amemleta mtoto chanjo au amekuja kuchukua dawa za presha, linafanya kazi kubwa. Nakuomba pia usimrudishe nyumbani na vidonge vya maumivu mwanamke mwenye kivimbe ambacho hujakishika kwa mikono yako. Mpime. Ukiwa na shaka, mwandikie rufaa siku hiyo, umweleze kwa lugha anayoielewa ni wapi anakwenda, atakutana na nani, na asipopata jibu arudi kwako. Najua foleni yako ni ndefu, najua uko peke yako zamu ya mchana. Kauli nzuri kwa mgonjwa haitoki bohari. Mwanamke aliyefokewa mara moja huwasimulia kumi, na kumi hao hawaji.

Wenzangu wa vikoba, wa upatu, wa kwaya, wa vikundi vya akina mama sokoni: tunachangiana harusi, tunachangiana msiba. Tuchangiane na kupima. Kikundi cha wanawake kumi na tano kikichagua siku moja, kikapanda gari moja kwenda kituo cha afya, yule mwoga hubebwa na wenzake. Tulishaona jambo hili likitokea nchini mwetu. Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilichoanzishwa 1987, kilipoanza kampeni yake ya kuchunguza saratani ya matiti mwaka 2005, wanawake walijitokeza kwa maelfu, wakapanga foleni juani kusubiri zamu. Hao ndio wanawake tunaoambiwa kila siku kwamba hawataki kupima. Waliitwa kwa heshima, huduma ikaletwa karibu, wapimaji wakawa wanawake wenzao, wakaja. Funzo hilo lisipotee.

Waajiri, hasa wenye mashamba ya chai na mkonge, wenye viwanda na wenye maduka: kibarua anayelipwa kwa siku hukosa mshahara akienda kliniki. Mpeni nusu siku yenye malipo mara moja kwa mwaka, au iteni timu ya wapimaji ije kazini kwenu. Watu wa redio, semeni habari hii kila mwezi. Oktoba tunavaa fulana za pinki na kutembea barabarani, na ni vizuri, lakini kivimbe huota hata Februari.

Na kwenu viongozi, madiwani, wabunge, wizara: safari ya mgonjwa wetu ni ndefu kupita kiasi. Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika eneo la hospitali waliyoijenga Wajerumani ufukweni Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, imebeba mzigo wa nchi nzima kwa miaka mingi. Hospitali za Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi zimefungua njia ya tiba ya saratani kwa watu wa kanda zao, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mwanamke wa Kigoma akitakiwa kufika Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake. Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu yanayoeleweka: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na asilimia 80 wamalize tiba yao yote. Kila halmashauri iyabandike ukutani na kujipima kwayo. Kwamba mgonjwa atolewe kinyama halafu asubiri jibu miezi, ni kumrudisha kwa mganga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa, tangu 2023. Tunaomba katika utekelezaji wake kupimwa matiti, altrasaundi na kinyama visiwe vitu vya kumlazimu mtu auze mbuzi. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba, wafunzwe kazi hii kama walivyofunzwa wenzao wa Mumbai.

Kwa mgonjwa asiye na uwezo, nakuambia hivi: usikate tamaa getini. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo, waeleze hali yako, uliza kuhusu msamaha. Ofisi hiyo iko kwa ajili yako.

Nimemwacha mwanamke mwenyewe mwisho kwa makusudi, maana amelaumiwa vya kutosha. Dada yangu, mama yangu, najua unachokihofia. Umemwona mtu akienda hospitali kwa miguu yake akarudi kwenye jeneza, ukasema bora nisijue. Lakini yule uliyemwona alikwenda mwishoni. Waliokwenda mwanzoni huwaoni, kwa sababu wamerudi sokoni, wamerudi shambani, wamekaa na wewe kwenye mkeka wa harusi na hawakukuambia. Nakuomba mambo matatu. Lijue titi lako, ulitazame na kuligusa unapooga, angalau mara moja kila mwezi siku zako zikishakwisha. Fika kituo cha afya upimwe kwa mikono hata kama huna dalili, na umwulize mtoa huduma urudi lini kulingana na umri wako na historia ya ukoo wenu. Na ukiona badiliko lolote, mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla jua halijazama, ili lisibaki kwako peke yako.

Wiki chache kabla hajafariki, nilikuwa nimekaa kitandani kwa mama mdogo wodini, namsugua miguu kwa mafuta ya nazi. Akanishika mkono, akaniambia: "Lingeuma, mwanangu, ningesema siku ileile." Hakusema zaidi. Halikuuma, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kutouma hakumaanishi usalama.

Wewe sasa umeambiwa. Mwambie mwanamke mmoja leo, kabla hujalala.